Luteni Aliyekataa Kumkana Baba Yake

Mwaka 1953 Milo Radulovich alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan na luteni wa akiba wa Jeshi la Anga la Marekani, fani yake ikiwa utabiri wa hali ya hewa. Jeshi likamwarifu kuwa yeye ni hatari kwa usalama wa nchi. Halikumtuhumu kuvujisha siri, wala halikutilia shaka uaminifu wake. Kosa lilikuwa nduguze. Baba yake, mhamiaji wa Kiserbia, alisoma gazeti la lugha yake lililohesabiwa kuwa la kikomunisti, na dada yake alidaiwa kufuata siasa hizohizo. Luteni alishtakiwa kwa kuwa na uhusiano wa karibu na wa kudumu na watu hao wawili. Mtoto asiwe karibu na mzazi wake, awe karibu na nani?

Angeweza kujiuzulu yakaisha kimyakimya. Alikataa, akadai asikilizwe. Katika kambi ya Selfridge, karibu na Detroit, ushahidi dhidi yake uliletwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na si yeye wala mawakili wake walioruhusiwa kuuona. Kikao kikapendekeza aondolewe jeshini. Mzee akamwandikia Rais Eisenhower kumwombea mwanawe haki.

Tarehe 20 Oktoba mtangazaji Edward R. Murrow alirusha habari hiyo katika televisheni ya CBS. Kituo kilikuwa kimekataa kulipia tangazo la kipindi gazetini, kwa hiyo yeye na mwenzake Fred Friendly walilipa kwa fedha zao. Tarehe 24 Novemba Waziri wa Jeshi la Anga, Harold Talbott, alitangaza kuwa luteni anabaki jeshini.

Hata hivyo, kuokoka kwa mmoja hakukubadili utaratibu. Mhandisi William Greene alikuwa amepoteza kibali cha kuona siri za serikali, pamoja na kazi, na miongoni mwa hoja dhidi yake zilikuwamo siasa za mke wake wa zamani. Mwaka 1959 Mahakama Kuu ilimpa ushindi, kwa kuwa hakuwahi kukabiliana na waliotoa ushahidi dhidi yake. Mwaka uliofuata Eisenhower alitoa amri iliyowapa wafanyakazi wa kampuni zenye mikataba ya ulinzi haki ya kujua sababu na kuzijibu.

Mwongozo wa kutoa vibali hivyo unaotumika tangu 2017 unauliza swali ambalo naliona la haki zaidi: je, ndugu aliye nje ya nchi anaweza kutumiwa kumbana mwombaji? Hupimwa nchi anakoishi, kazi yake huko, na ukaribu wao. Mmarekani mzaliwa wa Mombasa au Mwanza anayeomba kibali hutaja wazazi, ndugu na wakwe zake pamoja na uraia wao, na huulizwa kama amewahi kumsaidia raia wa kigeni kwa fedha. Kwetu kumtumia mama fedha za matumizi ni wajibu. Mpekuzi anayesoma fomu ya maombi bila kuyajua maisha hayo anaweza kuuona wajibu huo kama mzigo wa mashaka.

Na mashaka yana uzito mkubwa hapo. Mwaka 1988, katika shauri la Egan, Mahakama Kuu ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Panapobaki shaka, uamuzi huegemea usalama wa taifa, na ni mwombaji anayepaswa kuiondoa.