Askari akifariki: bunduki inarudi wapi, na mjane anadai nini?

Si kila askari anafia mstarini. Wengine wanakufa kwa ugonjwa nyumbani, ama kwa ajali ya pikipiki wakiwa konji. Matanga inaanza, na siku ya pili ama ya tatu mtu anakumbuka bunduki iliyo chini ya kitanda. Shemeji mmoja anasema iuzwe, ilipe sanduku. Mama mjane naye anataka kuificha mpaka jeshi litoe pesa ya watoto. Njia zote mbili zinafika gerezani.

Bunduki ya FARDC ama ya polisi ni mali ya Leta. Haiingii katika urithi, hata kama marehemu alilala nayo miaka kumi. Tangu sheria za kijeshi za 2002, raia anayekutwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, hata kama hajawahi kuvaa uniforme. Na Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Kule hakuna wa kukuamini ukisema ulikuwa unaitunza tu.

Basi ifanywe nini? Kwanza, isibebwe. Mwanamke mwenye bunduki ndani ya kitenge, akifika kwenye bariere, nani atamsikiliza? Watoto watolewe katika chumba hicho, mtu asiiguse wala kujaribu kutoa risasi. Apigiwe komanda wa kikosi cha marehemu. Kikosi kikiwa mbali, aitwe ofisa wa jeshi ama wa polisi aliye karibu, aje mwenyewe kuichukua, mbele ya shefu wa avenue na watu wawili wa jamaa. Kabla hajaondoka, aombwe prosevebali: namba ya bunduki, hesabu ya risasi, tarehe, jina lake na sahihi. Kopi moja ibaki nyumbani. Bila karatasi hiyo, bunduki ikipotea kesho, swali litarudi kwa mjane.

Pesa ni habari nyingine, na bunduki haiwezi kuiharakisha. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayohusu askari wa FARDC, inatambua haki za mjane na mayatima. Polisi wana sheria yao ya mwaka huo huo. Dosia inaanzia kwenye biro ya kikosi inayoshughulikia watu, ile askari wanaita S1 ama T1. Wanauliza namba ya matrikile, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Askari alitoa mahari, mbuzi walikabidhiwa, kijiji kizima kilikula, lakini ndoa haikuandikishwa kwa eta sivili. Kwa jamaa huyu ni bibi. Kwa biro ni mtu wa kupita. Mara ingine bibi wa pili anatokea kutoka mji ambako marehemu alitumikia mbele, naye ana karatasi. Watoto wasio na cheti, hukumu ya mahakama inaweza kuchukua nafasi yake, lakini inaomba muda na pesa. Ni rahisi zaidi kuandikisha baba akiwa hai, hata akiwa konji ya wiki moja.

Kadi ya banki ya marehemu nayo iwekwe pembeni. Mshahara unaoendelea kuingia baada ya kifo si zawadi, unaweza kudaiwa.

Ndugu wa marehemu wajue pia kwamba pesa ya mjane na mayatima si mali ya kugawa kwenye kikao cha jamaa. Vitu vingine, kama nyumba, shamba ama pikipiki, vinafuata sheria ya familia ya 1987: watoto wanapata robo tatu, na robo inayobaki ni ya kundi ambamo mjane yumo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu.

Kwa wawindaji wenye kalibre 12, ruhusa imeandikwa kwa jina la mtu. Mwenye ruhusa akifa, mtoto wake hairithi. Atangaze bunduki hiyo kwa wakubwa wa mahali, kisha aombe ruhusa yake mwenyewe kama anataka kuendelea kuwinda.