Mtoto wa Meza wa Frankfurt

Mwezi uliopita rafu ya kabati langu la jikoni iliporomoka saa nane usiku. Nilidhani mwizi. Kumbe ni unga wa sembe, mchele, maharage na chupa mbili za mafuta, vyote vimeshuka na ubao wa chipubodi uliokwisha kuliwa na unyevu. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea, alitoka chumbani amejifunga khanga, akatazama unga sakafuni, akasema: "Mwanangu, hili si kabati. Hii ni picha ya kabati."

Asubuhi nikamwita fundi seremala. Akapima, akaguna, akataja anachotaka: rafu za mninga, droo zinazokwenda kwenye reli za chuma, vigawanyio vya vijiko na visu, na visanduku vya bati vya kuvuta kwa ajili ya unga na sukari. Hivyo visanduku ndivyo vilivyonirudisha kwenye hadithi ya mwanamke mmoja wa Vienna, kwa sababu vina historia, tena historia yenye ubishi ndani yake.

Margarete Schütte-Lihotzky alizaliwa mwaka 1897. Mwaka 1926 aliitwa Frankfurt na Ernst May, mkuu wa ujenzi wa mji huo, wakati Ujerumani ilipokuwa na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kazi aliyopewa: jiko dogo, la bei nafuu, la kuingia katika nyumba za wafanyakazi. Alitoa chumba cha upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Mfano wake mmoja ulikuwa majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni, ambako mpishi hugeuka tu na kila kitu kipo mkononi. Yalijengwa kama 10,000.

Uzuri wa jiko lile ulikuwa ndani ya makabati. Kulikuwa na safu za visanduku vya alumini, kila kimoja na mkono wa kushikia na mdomo wa kumiminia, kila kimoja na jina lake: sukari, mchele na kadhalika. Unga peke yake uliwekwa kwenye droo za mti wa mwaloni, kwa kuwa mwaloni una tanini, na tanini hufukuza wadudu wa unga. Kwa hiyo uimara, kwake, ulimaanisha zaidi ya kubeba uzito bila kuvunjika. Chombo kilitakiwa kijue kinahifadhi nini na adui yake ni nani. Bibi zetu waliotia majivu kwenye mahindi wangemwelewa bila mkalimani.

Wazo lenyewe lilikuwa na mama zake. Mwaka 1869 huko Marekani, Catharine Beecher alitoa kitabu cha utunzaji wa nyumba pamoja na dada yake Harriet, yule yule Harriet Beecher Stowe ambaye riwaya yake kuhusu Mjomba Tom wapenzi wa fasihi tunaijua. Catharine alilitazama jiko la meli, akaona jinsi chakula cha watu wengi kinavyopikwa mahali padogo, akachora jiko ambalo unga, rafu na droo vinakaa karibu na mkono wa mpishi. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya jikoni ni kazi, inastahili kufikiriwa.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Schütte-Lihotzky alisema mwenyewe kwamba kabla ya kubuni jiko lile hakuwahi kuendesha nyumba wala kupika. Wenye nyumba walipohamia, wengine walitia kwenye visanduku vitu tofauti kabisa na jina lililoandikwa. Watoto wadogo waliweza kuvifikia na kuvivuta. Na lalamiko kubwa kuliko yote: jiko lilimtosha mtu mmoja tu. Lililokusudiwa kumpunguzia mwanamke hatua likamfungia humo peke yake. Naye mbunifu alichoka kukumbukwa kwa jiko tu. Alikuwa na haki ya kuchoka: alijiunga na upinzani dhidi ya Wanazi, akakamatwa Vienna mwaka 1941, akakaa gerezani hadi 1945. Alifariki mwaka 2000, akiwa na miaka 102.

Na Ernst May? Huyu aliishia kwetu. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi. Alichora mpango wa upanuzi wa Kampala, jengo la ushirika wa Wachagga pale Moshi, na hoteli ya Oceanic Mombasa. Sijui kama ukipita pale Moshi utaikumbuka droo ya unga, lakini mkono uliosimamia ile Frankfurt ulifika hapo.

Haya yote nilimsimulia mama, wakati fundi anapiga randa nje. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Huyo mama Mjerumani, mtu akimtembelea, alikaa wapi?"

Nikanyamaza. Kwa sababu siku zote tatu alizokaa kwangu, kila alipoingia jikoni nilimwambia, "Mama, kaa sebuleni upumzike." Nilidhani ni heshima. Ukweli ni kwamba jiko langu halina nafasi ya watu wawili, na yeye alikuwa anakaa mbele ya runinga asiyoitazama, akisikiliza vyungu vyangu kwa mbali.

Nilitoka nje nikabadilisha maagizo. Unga na mchele vimewekwa usawa wa kiuno, kwa ajili ya magoti yake. Sukari ipo juu, kwa ajili ya wanangu, ambao hawahitaji msaada wa kuifikia. Visanduku havina majina. Na kabati moja la chini, lile la kona, nilimwambia fundi aling'oe kabisa. Akashangaa: "Bosi, unatengeneza kabati au unapunguza?"

Pale kwenye kona sasa kuna kigoda na mbuzi ya nazi. Jumamosi mama alikaa hapo akakuna nazi mbili, akanisema kuhusu chumvi kwenye mchuzi, na hakuulizia runinga.