Hospitali bure, gari la wagonjwa bili

Swali la nyumbani haliishi: eti huko kwa Wazungu kutibiwa ni bure? Mwenye kadi ya Medicare akiingia idara ya dharura ya hospitali ya serikali, kweli hatoi hata senti. Ila jamani, hiyo bure ilipiganiwa, na kuna kitu kiliachwa nje ya mlango.

Kabla ya 1975, ukiacha Queensland ambako wodi za serikali zilikuwa bure toka miaka ya 1940, mtu wa kipato cha kati asiye na bima akiugua ghafla alitoka hospitali na deni. Mwaka 1968 wachumi wawili wa Melbourne, Scotton na Deeble, wakapendekeza mfuko mmoja wa wote. Waziri Mkuu Whitlam akaubeba, Seneti ikaukataa. Ukafanyika uchaguzi mwingine 1974, na Agosti mabaraza mawili ya Bunge yakakaa pamoja kupiga kura, jambo ambalo halijatokea tena hadi leo. Medibank ikaanza tarehe 1 Julai 1975. Serikali ya Fraser iliyofuata ikaimega kidogo kidogo, hadi 1981 ikawa imekwisha.

Hawke akairudisha tarehe 1 Februari 1984 kwa jina la Medicare, kwa kodi ya asilimia 1 ya kipato (sasa ni 2, naiona kwenye mshahara wangu!). Madaktari wa upasuaji wa hapa New South Wales waligoma, wengi wakajiuzulu hospitali za serikali. Walisema serikali inawapangia bei.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi Tanzania tulipishana nao njiani. Baada ya Azimio la Arusha 1967 hospitali za serikali zilitibu bure, na 1977 tukapiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Wao walipokuwa wameshazoea Medicare, sisi 1993 tukaanza "kuchangia gharama". Sheria ya bima ya afya kwa wote tumeipata 2023.

Sasa kile kilichoachwa nje ni gari la wagonjwa. Medicare hailipii. Mkazi wa New South Wales asiye na bima hutumiwa bili ya asilimia 51 ya gharama, asipokuwa na kadi ya pensheni au ya kipato cha chini. Queensland mkazi halipi kitu. Nimeshapokea watu wenye maumivu ya kifua waliokuja kwa teksi wakikwepa bili hiyo, na kwa moyo kila dakika ina hesabu yake.

Wanafunzi mnaokuja, Medicare hamna, ila bima mnayolazimishwa na viza hulipia gari la dharura. Wenye viza za kazi, someni bima yenu kabla ya kupanda ndege. Na kifua kikibana, pigeni 000, bili mtaililia baadaye.