Risasi Nyembamba Kama Penseli

Chukua penseli ya kawaida ya shule. Upana wake ni kama milimita 7 hivi. Sasa fikiria ndovu dume wa tani 5. Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyezaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1880, aliua zaidi ya ndovu 1,000 maishani mwake, na wengi wao waliangushwa na risasi yenye upana wa hiyo penseli.

Wapenzi wa bunduki duniani kote wanamjua kwa jina la "Karamojo" Bell. Jina hilo alilipata kutoka Karamoja, upande ule wa pili wa mpaka wetu na Uganda. Nimesoma mengi kumhusu, na karibu kila anayemwandika anamshangilia: ati jamaa alikuwa na shabaha ya ajabu, ati alithibitisha kwamba risasi ndogo yenye kasi inatosha. Mimi nataka kuuliza swali tofauti. Inatosha kwa nani, na kwa sababu gani?

Tuanze na baruti. Kabla ya miaka ya 1880, bunduki zilitumia baruti nyeusi, ile inayotoa moshi mzito kama jiko la kuni lililowekewa majani mabichi. Baruti hiyo haiwezi kuisukuma risasi kwa kasi kubwa. Kwa hiyo mwindaji aliyetaka nguvu zaidi alikuwa na njia moja tu: kuongeza uzito wa risasi. Wawindaji wa ndovu wa karne ya 19 walibeba mizinga midogo, kusema kweli, yenye mitutu mipana ambayo kidole gumba kingeingia bila shida. Ukifyatua, begani unapigwa teke la punda, na mbele yako huoni chochote ila wingu la moshi.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likatoa bunduki ya Lebel ya milimita 8, ya kwanza ya kijeshi kutumia baruti hiyo. Kasi ikapanda ghafla. Risasi tupu ya risasi (ndiyo, madini na kitu chenyewe vina jina moja kwetu) ingechubuka ndani ya mtutu kwa kasi hiyo, kwa hiyo ikavishwa koti la chuma kigumu zaidi. Ikawa nyembamba, ndefu na yenye kupenya.

Hapa ndipo fizikia inaingia. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini kanuni hii haikuniacha: nishati ya kitu kinachosonga ni nusu ya uzito wake mara kasi yake mara kasi yake tena. Kasi inahesabiwa mara mbili. Ukiongeza uzito maradufu, nishati inakuwa maradufu. Ukiongeza kasi maradufu, nishati inakuwa mara nne. Basi kila mtengenezaji wa bunduki kuanzia hapo alikuwa akicheza na hesabu hiyo: nipunguze uzito kiasi gani, niongeze kasi kiasi gani?

Wajerumani wa Mauser walijibu kwa risasi ya milimita 7, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Makaburu waliitumia dhidi ya Waingereza katika vita vya 1899 hadi 1902 kule Afrika Kusini, na Waingereza walijifunza kwa maumivu jinsi ilivyofika mbali bila kubadili mwelekeo. Kampuni ya Rigby ya London baadaye ikaiuza kwa jina la .275, yaani kipenyo kwa inchi. Adui ameshindwa vitani, silaha yake ikahamia kwenye duka la kifahari. Hiyo ndiyo biashara.

Sasa turudi kwa Bell. Alifika Mombasa mwaka 1897 akiwa bado kijana mdogo, akapata kibarua cha kuwapiga simba waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Halafu akaenda Klondike kutafuta dhahabu, halafu vita vya Makaburu, kisha mwaka 1902 akarudi Afrika Mashariki kutafuta pembe. Kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias.

Ndiyo, Mumias hiyohiyo unayoijua kwa sukari. Wakati ule ulikuwa mji wa Nabongo Mumia, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imeufanya kituo chake kwa miaka mingi. Hapo ndipo ulipata wapagazi, chakula, shanga, nyaya, na habari za njia. Bell hakugundua njia ya Karamoja. Aliikuta. Wafanyabiashara wa pembe walikuwa wameshaikanyaga hadi ikawa barabara ya miguu.

Wawindaji wenzake Wazungu walibeba bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa zaidi ya kilo 5, zikirusha risasi ya gramu 32 au zaidi. Nishati yake ilikuwa karibu jouli 7,000. Risasi ya Bell ya milimita 7 ilikuwa na gramu 11 hivi, ikitoka kwa mita 700 kwa sekunde: jouli 2,700 na ushee. Kwenye karatasi, Bell anapaswa kukanyagwa siku ya kwanza.

Hakukanyagwa kwa sababu alifanya kazi ambayo wengine hawakuifanya. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno, katikati kabisa, ili aone ubongo umekaa wapi. Ubongo wa ndovu ni mdogo ukilinganisha na kichwa chake, na umezungukwa na mfupa wenye vishimo vingi kama sega la asali. Ukijua mahali, risasi nyembamba yenye koti gumu inanyooka moja kwa moja hadi huko. Usipojua, hata ile ya gramu 32 itamwacha mnyama akiwa amechanganyikiwa na mwenye hasira. Tena bunduki nyepesi haimtikisi mpigaji, haimchoshi akitembea mchana kutwa, na mlio wake si mkubwa sana. Ndovu akipigwa ubongo anakaa chini palepale bila kupiga kelele, na wenzake wanasimama wakishangaa. Halafu wa pili. Halafu wa tatu.

Hapo ndipo furaha ya wasifu wa Bell inanikwama kooni. Tunachosifia ni njia ya kuua kundi zima kwa gharama ndogo. Wepesi wa ile risasi ulikuwa, kwanza kabisa, wepesi wa kibiashara. Pembe zilibebwa na wapagazi hadi Mumias, zikashuka kwa reli hadi pwani, na mwisho wake ulikuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Kule Connecticut, Marekani, kuna mji unaoitwa Ivoryton, umepewa jina hilo kwa sababu ya viwanda vilivyochonga vitufe kutoka kwa pembe za Afrika.

Na ule ujuzi, ulikuwa wa nani? Katika kitabu chake cha 1923, Bell anamtaja Pyjalé, mtu wa Karamoja aliyetembea naye mbele, akisoma nyayo, upepo na tabia ya kundi. Msumeno ulimwonyesha Bell ubongo uko wapi. Lakini kumfikia ndovu hadi uone sikio lake vizuri, hiyo haikutoka Edinburgh. Risasi ndogo inahitaji usogee karibu, na kusogea karibu ilikuwa elimu ya wenyeji. Ukitoa elimu hiyo, kinachobaki ni penseli.

Ushahidi wa hili unapatikana Uskoti kwenyewe. Baada ya kuwinda Karamoja, Lado, Liberia na kwingineko, na baada ya kurusha ndege za kivita katika Vita vya Kwanza, Bell alirudi kwao, akanunua shamba nyanda za juu na kuwinda kulungu wekundu, wale wenye pembe zilizotawanyika kama matawi. Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .220 Swift. Hii ilikuwa kichaa cha kasi: kipande cha gramu 3 tu, upana wa milimita 5.7, kinachotoka kwa takriban mita 1,250 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya kasi ya sauti. Ilitengenezwa kwa ajili ya mbweha na wanyama wengine wadogo ambao wakulima wa Marekani waliwaona waharibifu, wanaopigwa kutoka mbali. Bell akaichukua akawapigia kulungu, akaisifu kwa maandishi.

Kwake yeye ilifanya kazi. Lakini gramu 3 zenye ganda jembamba kwa kasi hiyo hupasuka zikigusa kitu. Kwa mbweha, anaanguka papo hapo. Kwa kulungu wa zaidi ya kilo 100, ikigonga mfupa wa bega inaweza kusambaratika juujuu, na mnyama akakimbia na kidonda kikubwa kisichomuua hadi kesho yake. Mkono wa Bell haukuuzwa pamoja na bunduki dukani.

Ubishi huu uligawanya wawindaji vibaya. Marekani walikuwa na beefu lao la miaka mingi: Jack O'Connor, mwalimu wa chuo aliyegeuka mwandishi, akitetea risasi nyepesi zenye kasi, na Elmer Keith, mchunga ng'ombe wa Idaho, akisema bila risasi nzito unamtesa mnyama tu. Waliandika na kujibizana magazetini kama wasanii wa rap. Kila mmoja alikuwa na mifano yake, na kila mmoja alikuwa mpigaji hodari kuliko wasomaji wake.

Mwishowe sheria ikaamua. Uingereza, sheria ya kulungu ya 1963 ilikataza kuwapiga kwa bunduki yenye kipenyo chini ya inchi .240. Uskoti, kanuni za 1985 zilipotungwa zilitaka risasi ya angalau gramu 6.5 kwa kulungu wakubwa. Cha kushangaza, ukipiga hesabu, .220 Swift ina nishati ya kutosha kupita kiwango kilichowekwa Uingereza. Inaanguka kwa upana. Yaani Bunge lilitazama ile kanuni ya nusu-uzito-mara-kasi-mara-kasi na kusema haitoshi. Sheria haitungwi kwa ajili ya mpigaji bora. Inatungwa kwa ajili ya yule wa kawaida, siku ya upepo, mikono ikiwa baridi.

Risasi iliyonufaika ni .243, iliyotolewa na Winchester mwaka 1955. Imepita mpaka wa sheria kwa unywele tu, na leo wakulima wengi wa Uingereza wanaitumia hiyo moja kwa mbweha na kwa kulungu. Bell hakuiona. Alikufa 1954.

Huku kwetu hadithi ilikwenda kwingine. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, Wakaramojong walivunja ghala la silaha la kambi ya Moroto, na bunduki za kivita zikaenea hadi mpakani Turkana na Pokot. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hawakuhitaji leseni wala msumeno wa kupasulia fuvu, walimimina risasi. Ndovu wa Kenya walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 20,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Watu hupenda kuweka hizi kama hadithi mbili: muungwana mwenye shabaha, halafu jangili mwenye fujo. Mimi naona soko lilelile la pembe, na nchi ileile ikilipa.

Jina la Karamoja limebaki kwenye historia ya bunduki, tena limeandikwa vibaya, likiwa limebandikwa kwa mgeni. Majina ya waliobeba zile pembe hadi Mumias hayakuandikwa popote ninapoweza kufika kwa simu yangu. Lakini misafara ile ililala kwenye maboma ya watu, ikanunua mtama wa watu. Kama una mzee upande huo, ambaye babu yake alitembea na misafara ya pembe, muulize sasa. Muulize walilipwa nini.