Nukta ya Mjomba

Simu iliita saa sita na nusu usiku. Ulikuwa mwezi wa nane, kusi imekaza, nami nimelala katika chumba changu cha kupanga hapa Horohoro, karibu na yanapolala malori yanayosubiri kuvuka kwenda Lunga Lunga.

"Mjomba," aliniita, kama tunavyoitana sisi wawili tangu nikiwa mdogo. "Mashine imezima. Tuko nje huku, mkondo unatupeleka juu. Halafu kuna meli inakuja."

Nikamuuliza amejuaje kwamba inakuja upande wao.

"Naona nyekundu na kijani, zote mbili."

Kwa asiyekulia pwani: meli hubeba taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Ukiona moja, inakupita. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, imekuelekezea pua.

Mimi ni karani kwa wakala wa forodha, na kwenye simu nina programu ya kufuatilia meli, ile tunayotumia wateja wanapouliza makontena yao yamefika wapi. Nikaifungua. Nikaiona meli kama nukta ya kijani: jina lake, urefu wake mita 180, mwendo wake maili 13 za baharini kwa saa, imetoka Mombasa kwenda Dar es Salaam. Chini yake pameandikwa kwamba hapo ndipo ilipoonekana dakika 53 zilizopita. Ukitaka taarifa za papo hapo, zile za setilaiti, ulipie. Mjomba hakuwa na nukta. Boti ya faiba yenye wavuvi wanne wa Moa na taa moja ya betri haionekani humo.

Nilipiga namba ya dharura niliyowahi kupewa kwenye semina. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiisoma historia ya pwani yetu kwa swali moja tu: nani alijua meli iko wapi, na alimwambia nani? Swali hilo limenirudisha mara mbili kwenye maji ya hapa hapa, kati ya Tanga na mpaka.

Mara ya kwanza ni tarehe 2 Novemba 1914. Manowari ya Kiingereza HMS Fox iliingia Tanga, nyuma yake kukiwa na meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India. Kamanda wake, Caulfeild, alimwita ofisa wa Kijerumani wa wilaya, Auracher, akamwarifu kwamba makubaliano ya kutopigana hapo bandarini yamekwisha. Kisha akamuuliza kama bandari imetegwa mabomu. Ni swali la ajabu kumuuliza adui, lakini ndilo swali ambalo kila nahodha anayeingia bandari ngeni hulazimika kuuliza: chini ya maji haya kuna nini? Auracher hakutoa jibu. Alisema lazima awasiliane na wakubwa wake, akashuka, na habari ikaenda kwa simu ya waya mpaka Moshi, alikokuwa Lettow-Vorbeck, ambaye alianza kuwateremsha askari wake kwa treni.

Bandari haikuwa na bomu hata moja. Lakini Fox ilitumia saa nyingi ikiyasafisha maji yaliyokuwa safi, na askari wakashushwa pembeni, Ras Kasone. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki kwa mamia na risasi zaidi ya laki tano ufukweni. Wanahistoria hupenda kueleza habari za nyuki waliowavamia wapiganaji siku ile. Mimi naona nyuki wamepewa sifa kupita kiasi. Tanga iliokolewa na waya uliofanya kazi na swali lililokosa jibu.

Mara ya pili iko karibu zaidi na kwetu. Januari 1915 Wajerumani waliichukua ngome ya Jasini, mwendo mfupi tu kutoka hapa nilipo. Walishinda, lakini kwa kutumia risasi zipatazo 200,000, na Lettow-Vorbeck alijua hawezi kumudu mapambano mengi ya namna ile. Mwezi uliofuata meli iitwayo Rubens ikaondoka Ujerumani ikijifanya ya Denmark, imepakwa jina la Kronborg. Ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi. Ilikuwa meli yenye jina la uongo na bendera ya uongo, na kwa wiki nyingi hakuna aliyeigundua.

Iliumbuliwa na redio. Ilipokaribia Afrika Mashariki ilibidi ipokee maelekezo kutoka Königsberg: usije Rufiji, nenda Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Maelekezo yalikuwa sahihi, ila Waingereza nao walikuwa wakizisikiliza ishara za Wajerumani na kuzifumbua. Tarehe 14 Aprili 1915 HMS Hyacinth ilikuwa inamsubiri. Mashine moja ya manowari hiyo ikaharibika katikati ya mbio, na Kapteni Christiansen akafaulu kuingia Manza, akaipandisha meli kwenye maji madogo na kuifungulia maji iingie. Hyacinth ilipiga mizinga, ikauona moto mkubwa, ikaamini kazi imekwisha, ikaondoka.

Moto ule ulikuwa wa juu. Shehena ilikuwa chini, imelowa tu. Kwa wiki kadhaa watu walipiga mbizi na kubeba makasha hadi nchi kavu, risasi zikafunguliwa, baruti ikakaushwa juani. Sehemu ya vita iliyofuata ilipiganwa kwa risasi za Manza, na wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maradhi na uchovu katika vita hivyo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Katika visa vyote viwili taarifa ilikuwepo. Auracher alikuwa nayo, akaikalia. Redio ilikuwa nayo, ikamfikia asiyehusika. Aprili 1912, Titanic ilipokuwa inazama, meli ya Californian ilikuwa karibu, lakini fundi wake wa redio alikuwa amezima mtambo na kwenda kulala. Kutokana na msiba ule ukaja mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, wa kwanza ukitiwa saini Januari 1914.

Mkataba huo, baada ya kuandikwa upya mara kadhaa, ndio uliozaa nukta ya kijani iliyokuwa kwenye simu yangu. Kuanzia mwaka 2002 hadi mwisho wa 2004 meli zilitakiwa kwa hatua kufunga chombo kiitwacho AIS, ambacho mara kwa mara hutangaza kwa redio jina la meli, mahali ilipo, mwendo na uelekeo. Hakingoji kuulizwa kama Auracher. Ila kinawahusu wakubwa: meli za safari za kimataifa kuanzia tani 300, za mizigo kuanzia tani 500 hata zisipotoka nje ya nchi, na zile za abiria. Mashua, ngalawa na boti za faiba hazimo.

Mpaka wenyewe wa baharini kati yetu na Kenya ulikubaliwa kwa kubadilishana barua mwaka 1975 na 1976, na mkondo wa kusi hausomi barua. Hapa Horohoro dereva wa lori huwakuta maofisa wa nchi zote mbili kwenye kituo kimoja. Baharini, hatua kama hiyo ililetwa na maharamia. Januari 2009, Wasomali walipokuwa wakiteka meli, nchi za ukanda huu zilikutana Djibouti na kukubaliana kupashana habari, vituo vikawekwa Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2017 makubaliano yalipanuliwa yaguse hata uvuvi haramu na usafirishaji wa watu. Ni kazi nzuri. Lakini ukitazama mfululizo wote, mfumo huu umejengwa na hofu za wenye meli kubwa, na mvuvi huingia humo akishukiwa kabla ya kuhesabiwa.

Na hata kuhesabiwa kuna mashaka yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu kama 600. Tume ilipotoa ripoti mwaka uliofuata, ilikuta walikuwemo zaidi ya 2,400. Orodha ya abiria ilikuwepo, imeandikwa, ina namba. Kompyuta ingeipokea bila kusita.

Tangu Januari 2024 bandari za nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zinatakiwa kupokea taarifa zote za meli kupitia dirisha moja la kidijitali. Sisi makarani tumefurahi, makaratasi yamepungua. Faida nyingine ni kwamba bandari ikimwambia nahodha mapema gati litakuwa wazi lini, hana sababu ya kukimbia usiku kucha akachome mafuta ili akatie nanga na kungoja. Na meli zitaongezeka hapa kwetu: mafuta ghafi ya Hoima, baada ya kilomita 1,443 za bomba, yatapakiwa Chongoleani, upande ule ule wa bahari wanakovua watu wa Moa.

Usiku ule namba ya dharura haikupokelewa. Mjomba na wenzake walichovya shati kwenye petroli, wakaliwasha juu ya kasia. Hawajui kama walionekana. Taa nyekundu ilipotea, ikabaki kijani peke yake, meli ikapita, na mawimbi yake yakakaribia kuwapindua. Alfajiri wavuvi wa Vanga waliwakuta wakielea upande wa Kenya, wakawavuta mpaka pwani na kuwapa chai.

Alasiri nilimpokea mjomba kituoni Horohoro, amevaa kikoi cha kuazima na viatu vya mtu mwingine. Ofisa alimuuliza alitokea wapi Tanzania, mbona hana muhuri.

"Nilitokea Moa, mwanangu. Kwa maji."

Waliandika maelezo yake, wakamruhusu. Tulikaa kwa mama lishe, akala wali wake kimya, kisha akaomba nimwoneshe hiyo programu. Aliitazama Pemba, akaitazama Manza, akaweka kidole mahali peupe pasipo na kitu, akasema walikuwa hapo. Halafu akauliza ile meli iko wapi sasa.

Nikaitafuta. Ilikuwa imetia nanga nje ya Dar es Salaam, inasubiri zamu.