Nani anahesabiwa? Historia ya michezo ya redio na novela, na jinsi wasikilizaji wanavyopanda na kushuka

KALEMIE – Kila mara mradi mpya unapoleta mchezo wa redio mashariki ya Kongo, wafadhili wanauliza jambo moja kabla ya mengine: watu wangapi wanasikiliza? Jibu ndilo linaloamua kama mchezo utaendelea mwaka wa pili ama utakatwa katikati, wakati binti bado hajaolewa na mwovu bado hajashikwa. Kwa familia zilizohama makwao, ambako redio moja inaweza kukaa katikati ya nyumba kadhaa na mapile yake yananunuliwa kwa kuchangiana, kuhesabiwa ama kutohesabiwa ni jambo kubwa. Asiyehesabiwa anaandikiwa kipindi kama vile hayupo.

Hesabu hii ina historia ndefu, na ilianzia kwenye sabuni.

Katika miaka ya 1930, kule Marekani, viwanda vya sabuni vilitafuta njia ya kuwafikia wanawake waliobaki nyumbani mchana. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ililipia mchezo wa redio ulioitwa Ma Perkins, habari za mama mjane, ili kuuza sabuni yake ya Oxydol. Mchezo ulirushwa kila siku ya kazi, kipande kidogo kidogo, na kila kipande kiliachwa mahali pabaya ili msikilizaji arudi kesho. Ndiyo sababu mpaka leo Wamarekani wanaita michezo ya namna hii kwa jina la sabuni.

Mwenye sabuni alitaka kujua kama fedha zake zinapotea. Tangu 1930 mtu aliyeitwa Archibald Crossley alikuwa ameanza kuhesabu wasikilizaji kwa kuwapigia simu nyumbani. Shida ilikuwa wazi: wakati ule chini ya nusu ya nyumba za Marekani zilikuwa na simu. Maskini na watu wengi wa mashambani walisikiliza kama wengine, lakini kwenye karatasi ya Crossley hawakuwapo. Baadaye kampuni ya Nielsen ikafunga mashine kwenye redio, kisha kwenye televisheni, ili kifaa chenyewe kiseme kimefunguliwa saa ngapi. Mashine ilijua redio iko wazi. Haikujua ni nani amekaa mbele yake, wala kama ni mmoja ama kumi na wawili.

Hata hivyo hesabu hizo zinaonyesha vizuri jinsi watu wanavyopanda na kushuka. Kilele kilikuwa Novemba 1981, Luke na Laura walipooana katika mchezo wa General Hospital: watu kama milioni 30 walitazama, mchana wa siku ya kazi. Sababu haikuwa arusi peke yake. Watu walikuwa wamewafuata wawili hao kwa muda mrefu, na kila mtu alitaka kuwa na la kusema kesho yake.

Kushuka kulikuja kwa njia mbili, moja ya polepole na moja ya ghafla. Ya polepole ni kwamba wanawake waliingia kazini, na nyumba ikabaki bila mtu mchana. Ya ghafla ilikuwa 1995. Kesi ya mauaji ya O.J. Simpson ilirushwa moja kwa moja kutoka mahakamani, mwezi kwa mwezi, na michezo ya mchana ikasogezwa kando. Kesi ilipokwisha, watazamaji wengi hawakurudi. Mtu aliyezoea kufuata habari ya jamaa fulani kila siku, ukimkatia kwa miezi, anapoteza uzi, na baada ya hapo anagundua anaweza kuishi bila habari hiyo. Mchezo wa Guiding Light, ulioanza redioni 1937 na kuhamia televisheni 1952, ulifungwa Septemba 2009. Miaka 72! Hakuna serikali nyingi zilizodumu hivyo.

Wakati huohuo upande wa kusini wa bara hilo mchezo ulipata kazi nyingine. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilionyesha Simplemente María, habari za msichana wa kazi za ndani aliyepanda kwa kushona nguo, na wasichana wengi wakaanza kujifunza cherehani. Huko Mexico, Miguel Sabido aliona jambo hilo akafikiri: kama mchezo unaweza kuuza cherehani bila kukusudia, unaweza pia kufundisha kwa kukusudia. Mwaka 1975 alitoa Ven conmigo, kuhusu watu wazima wanaojifunza kusoma. Kanuni yake ilikuwa watu wa aina tatu: mwema, mwovu, na yule anayesitasita katikati. Huyo wa tatu ndiye msikilizaji anayemfuata, kwa sababu anafanana naye.

Kanuni hiyo ndiyo iliyovuka bahari na kufika ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Kalemie anakielewa bila mkalimani. Ndani yake kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo cha njia, na mke wake Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Mkwaju alipata ukimwi na akafa. Zaidi ya nusu ya watu wazima waliofikiwa na matangazo walikuwa wakisikiliza, idadi ambayo wauza sabuni wangeitamani.

Lakini jambo la Dodoma ndilo linalostahili kukumbukwa. Watafiti walitaka kujua kama mabadiliko yanatokana na mchezo ama na mambo mengine, kwa hiyo walihitaji mahali pasipousikia. Kwa miaka miwili, 1993 mpaka 1995, mtambo wa Dodoma haukurusha Twende na Wakati. Saa hiyo ulirusha kipindi kingine. Kisha Septemba 1995 mchezo ukafunguliwa Dodoma pia. Matokeo yalikuwa na nguvu: kuhusu uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi, sehemu zilizosikiliza zilisogea kuliko Dodoma, na Dodoma nayo ilisogea baada ya kufunguliwa. Utafiti huo umetajwa dunia nzima, na ni haki yake. Lakini ilikuwa miaka ya ukimwi, kabla ya dawa zinazorefusha maisha kuwafikia watu wa kawaida wa Afrika, na watu wa mkoa mzima walingoja miaka miwili ili namba zikae sawa. Mtu anaweza kukubali faida ya utafiti na bado akaona uzito wa bei hiyo.

Kalemie yenyewe ina sababu zake za kupanda na kushuka ambazo mashine ya Nielsen isingeelewa. Ya kwanza ni umeme. Mji unategemea maporomoko ya Bendera, kwenye mto Kyimbi, kituo kilichojengwa wakati wa Wabelgiji. Umeme ukikatika, novela ya televisheni inapoteza mji mzima kwa dakika moja, hata kama hadithi iko kwenye utamu wake. Hapo kibanda chenye jenereta kinajaa, na redio ya mapile inarudi kuwa mfalme. Ya pili ni mwezi. Wavuvi wa ndagala wanavua usiku kwa taa, na taa haivuti samaki vizuri wakati wa mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa giza wanaume wako ziwani na wake zao wanajiandaa kwa mzigo wa alfajiri. Mwezi ukijaa, wako nyumbani. Anayepima wasikilizaji wa jioni wiki ya giza na kurudi wiki ya mbalamwezi ataandika kwamba kipindi kimepanda, kumbe ni mitumbwi imepumzika. Ya tatu ni shamba. Saa nne asubuhi wakati wa kupalilia, kijijini hakuna mtu wa kuhesabu.

Halafu ikaja vita ya jimbo hili. Kuanzia 2016 mapigano kati ya Watwa na Waluba yalikimbiza watu wa Nyunzu, Manono na Kalemie vijijini, na kufikia 2017 waliohama katika Tanganyika walipita nusu milioni. Msikilizaji aliyekuwa na nyumba, redio na saa yake ya kupumzika akawa chini ya hema, bila redio, kwenye foleni ya maji saa ya kipindi. Orodha ya zamani ya vijiji haikumwonyesha popote.

Kwa watu hao kuna utafiti mmoja unaowahusu kuliko yote. La Benevolencija, shirika lililoanzisha mchezo wa Musekeweya nchini Rwanda mwaka 2004, lilileta pia mashariki ya Kongo mchezo wa Kiswahili ulioitwa Kumbuka Kesho, kuhusu jamii zinazogombana na namna ya kuishi pamoja. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia kwa mwaka mmoja. Katika sehemu fulani mchezo ulirushwa peke yake. Katika nyingine ulifuatwa na kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane. Wengi wangedhani mazungumzo yataongeza faida. Ni kweli watu walijadiliana zaidi. Lakini matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba walikumbushana machungu zaidi, na uvumilivu wao ulikuwa mdogo kuliko wa wale waliosikiliza mchezo peke yake.

Paluck hakupima kwa maneno tu. Waliohojiwa walipewa chumvi kama shukrani, kisha wakaulizwa kama wangependa kutoa kidogo kwa watu wa kundi wasilolipenda. Ukihesabu mazungumzo, sehemu zenye kipindi cha ziada zingeshinda. Lakini kwenye chumvi, watu wa sehemu hizo ndio waliokuwa wagumu zaidi kutoa.