Hukmu ya Saini ya Kielektroniki katika Mkataba wa Deni

SUALI: Mtoto wetu yupo Mazwi, Sumbawanga, anauza maharage kwa mkopo. Mikataba yake inatiwa saini kwa simu, hakuna karatasi. Jee, inasihi kisheria?

JAWABU: Himdi anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mkataba huo unasihi. Aya ya deni (Al-Baqarah 2:282) imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, wala haikuainisha karatasi. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipowaandikia wafalme alitumia pete ya fedha kuwa muhuri, ijulikane barua imetoka kwake. Saini hii ina kazi hiyo hiyo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, lilipitisha mikataba ya vyombo vya mawasiliano, isipokuwa nikaha, kubadilisha sarafu na salam, kwa masharti yake maalumu. Nako Mazwi ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayoitambua saini hiyo.

Lakini picha ya saini iliyobandikwa kwenye waraka haina ulinzi. Yeyote huweza kuinakili. Saini ya salama hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mtiaji saini na hushikana na maandishi yote. Magunia 50 yakigeuzwa 60, ukaguzi hudhihirisha kuwa waraka umebadilishwa. Basi ufunguo na namba ya siri ni amana, asipewe hata karani.

Hata hivyo, ufunguo hauwezi kushuhudia kuwa mtu alifahamu na aliridhia. Kwa hiyo tunanasihi mashahidi wawili waadilifu wawepo na majina yao yaandikwe.

Tena madeni hulipwa kabla ya mirathi kugaiwa (An-Nisaa 4:11). Mtu akifa na mikataba imefungika ndani ya simu yake, haki za mayatima na za wadai hupotea. Kwa hiyo:

1. Kila faili lipewe jina lenye wahusika, tarehe na kiasi, ili likitafutwa lionekane.
2. Lihifadhiwe faili lenyewe. Likichapishwa, karatasi haibebi ule ulinzi.
3. Nakala iwekwe pahala pengine, na wasia uonyeshe ilipo.

Ama wasia wenyewe na mauzo ya ardhi, viandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi, na aulizwe wakili.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.